Chai ya Mwaka wa Yunzhu

Mimi sijui kutulia, na siku sita za mvua hapa Yiwu, kwenye milima ya chai, zilinimaliza kabisa. Mikate saba ya chai ya binti yangu Yunzhu ilikuwa bado mibichi rafuni. Niliigandamiza mwenyewe chini ya jiwe, majani ya mti wa nyuma ya nyumba, unaochumwa mara moja tu kwa mwaka. Ilikuwa ikae miaka ikikolea, ifunguliwe siku ya harusi yake.

"Ikaukie kivulini," alisema mama mkwe. "Wiki tatu."

"Wiki tatu? Mama, mtoto anatimiza mwezi Ijumaa!"

Wageni wangekuja kula mayai mekundu ya sherehe, na wifi yangu Fenglian ana mdomo. "Chai ya mtoto iko wapi," alishauliza, "au bado unaipepea?"

Jumatano mama mkwe alipotoka, niliiingiza kwenye chumba cha kukaushia mahindi nikachochea moto. Jioni ilikuwa mikavu, inanukia asali. Nikaifunga kwa maganda ya mianzi, nikijivunia.

Mama mkwe alirudi, akanusa, akafungua fundo. Alimega kidogo akapika. Kisha akamega mkate mweusi wa mume wangu Chaolin, aliowekewa utotoni miaka thelathini iliyopita, akaupika pembeni.

Yangu ilikuwa tamu mara moja. Ile nyeusi ilinuka kabati kuukuu. Nikainuka.

"Kaa, Guixian."

Kikombe cha kwanza cha ile nyeusi, hamna kitu. Cha pili, hamna. Miguu iliniwasha. Cha tatu kilipopita, utamu ulipanda kutoka kooni ukakataa kuondoka.

"Yako ni tamu leo tu," alisema. "Moto umeiua. Haitakolea tena."

Nililia bila aibu. Majani ya mwaka wa mwanangu yalikuwa yamekwisha. Nikangoja aniambie haraka haraka haina baraka. Badala yake alinisogezea karatasi ya ule mkate wa Chaolin. Mwaka ulioandikwa haukuwa wa kuzaliwa kwa mume wangu, ulikuwa ule uliofuata.

"Ya mwaka wake niliichoma," alisema. "Chumba kilekile. Mama mkwe wangu alinicheka mpaka majani yakachipua tena."

Ijumaa tuliwapa wageni ile tamu, yote, na wakaisifu. Fenglian akatazama rafu tupu.

"Wifi, chai ya Yunzhu iko wapi?"

Mama mkwe alikohoa ndani ya kikombe.

"Bado iko mtini," nikamjibu.