Draya ya Watu Wawili

Mfuko Agnesi aliushona mwenyewe. Alichukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare ya kwaya, cha bluu chenye maua ya njano, akakitia bitana ya flana iliyotoka kwenye shuka kuukuu la mtoto, akaweka kamba ya kuvuta mdomoni na kifungo kikubwa cha koti. Alishona kwa mkono, jioni mbili, akirudia pale uzi ulipokaa vibaya. Jirani aliyepita alimuuliza ni nani amejifungua. Agnesi akacheka, akasema hakuna mtoto, ni nguo ya draya.

Draya hiyo ya kukausha nywele walinunua watu wawili, yeye na Naomi. Agnesi alikuwa na saluni Kilosa mjini, chumba kimoja si mbali na reli, viti vitatu na kioo kikubwa chenye ufa pembeni ambao aliufunika kwa stika ya ua. Naomi alikuwa na yake Mikumi, kando ya barabara kuu, na wateja wake wengi walikuwa wanawake wa kazini kwenye hoteli za watalii. Wote wawili walizaliwa Rudewa, baba zao wakiwa wakata mkonge, na darasa la kwanza waliketi dawati moja. Mwaka ule penseli zilikuwa shida. Baba yake Naomi alipopata moja, Naomi aliikata katikati kwa wembe, nusu akampa Agnesi. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita, na Agnesi bado alikuwa akiwasimulia wateja habari za nusu ile ya penseli.

Habari za draya alizileta Naomi kwa simu. Alisema kuna aina mpya, haina feni nyuma, mdomo wake una tundu unaloweza kuchungulia ukaona upande wa pili, inatoa hewa nyingi na wala haiunguzi. Agnesi akauliza bei. Alipotajiwa aliomba atajiwe tena, akidhani mtandao umekata. Kwa bei ile mtu angenunua draya za kawaida ishirini na nauli ya kurudi nyumbani akabaki nayo.

Naomi akamwambia wanunue moja, kila mtu nusu. Wiki moja ikae Kilosa, wiki moja Mikumi, na kila Jumapili Ditram, kondakta wa Kosta ya Kilosa na Mikumi, aibebe kwenye kiti cha mbele. Agnesi alifikiri siku nne. Siku ya tano aliuza magunia sita ya mpunga wa shamba lao la Mvumi. Mumewe, Samson, hakumkataza, ila kila rafiki aliyefika pale nyumbani alisimuliwa kwamba mama mwenye nyumba kauza mpunga kanunua upepo.

Upepo wenyewe, lakini, ulikuwa upepo. Agnesi alikuwa na desturi ya kupima joto kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto. Draya zake za zamani zilimfanya autoe mkono kabla hajahesabu tatu. Hii aliihesabia mpaka ishirini. Hewa ilitoka kwa nguvu, ya moto wa kiasi, na nywele nzito za asili, zile zinazokula saa nzima na kuvunja meno ya vitana, zilikauka na kunyooka robo saa tu, zikang'aa bila mafuta. Mwalimu mmoja wa sekondari alijishika kichwa mbele ya kioo, akauliza kama hizo ni zake au amewekewa za watu. Agnesi alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia Samson kwamba upepo una daraja zake. Samson akasema atasubiri uingie kwenye sufuria.

Jumapili ilipofika aliifuta draya kwa kitambaa kikavu, akakunja waya bila kuukaza, akaitia kwenye mfuko wake wa kitenge, akavuta kamba na kufunga kifungo. Ditram alishuka kwenye gari, akaamkia shikamoo, akapokea kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata ikarudi. Ikaenda, ikarudi. Miezi miwili mambo yalikuwa hivyo.

Mwezi wa tatu draya ilianza kubadilika. Kwanza Agnesi aliiona nyepesi, akadhani mkono wake umeizoea. Kisha sauti ikawa ya kukoroma, na baada ya kichwa kimoja mpini ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Alipima kwa kifundo cha mkono, akafika saba. Akampigia Naomi. Naomi alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba huko Mikumi haina tatizo lolote, labda umeme wa Kilosa ni mdogo, mashine za namna hiyo hazitaki umeme unaopandapanda. Aitafutie stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme.

Agnesi akanunua stabilaiza. Akaipandisha juu ya stuli, akaifunika kitambaa alichofuma kwa uzi mweupe, na taa yake ya kijani ikawaka vizuri kabisa, na draya ikaendelea kukoroma. Wateja walianza utani. Mmoja aliuliza kama hiyo draya ya dhahabu imepata kifua. Mwingine akasema hana haraka, amekuja na ndoo ya maharage achambue wakati anakaushwa. Agnesi alicheka nao. Moyoni alianza kuamini kwamba Samson alikuwa amesema kweli, kwamba vitu vya bei mbaya ni ganda na jina, na kwamba yeye na Naomi, wanawake watu wazima, wameliwa na muuza duka. Alimwonea Naomi huruma. Hata alipanga maneno ya kumfariji watakapoonana.

Hapo ndipo ilipofika harusi ya Loveth.

Loveth alikuwa mtoto wa kaka yake Agnesi. Harusi ilikuwa Jumamosi, na tangu alipokuwa anasuka mabutu ya shule ilikuwa imeshakubaliwa kwamba kichwa chake cha siku hiyo ni cha shangazi. Kwao ilikuwa hivyo: bibi harusi hatengenezwi na mkono wa mgeni. Nywele zake zilikuwa za asili, nyingi, zimefika mabegani, hazijawahi kuonja dawa. Alhamisi alikuja na mama yake, Grace, kwa kujaribu mtindo. Wiki hiyo draya ilikuwa ya Kilosa.

Agnesi alimwosha, akampaka mafuta ya kuzuia joto, akagawa nywele mafungu manane kwa vibanio, akaanza nyuma. Nyuma palikwenda polepole lakini palikwenda. Alipofika juu ya paji la uso alisikia harufu. Alizima upesi. Alipochana, kitana kilitoka na nywele, na pale mbele, mahali pa kukaa shela, pakabaki kipara kidogo cha ukubwa wa kizibo cha soda, kimezungukwa na ncha zilizojikunja kama uzi ulioguswa na kiberiti.

Loveth hakupiga kelele. Alipagusa, akaangalia vidole vyake, machozi yakamtoka kimya kimya. Grace ndiye aliyesema. Alisema kwa heshima, maana Agnesi alikuwa wifi yake mkubwa, na hiyo heshima ndiyo iliyouma.

"Wifi, usichukie. Kesho tutampeleka Mikumi kwa rafiki yako Naomi. Wanasema ana draya ya ajabu, inakausha kama inabembeleza. Mdogo wangu yuko hotelini kule, anakwenda kila Jumatano."

Agnesi alikuwa anaokota nywele sakafuni. "Kila Jumatano?"

"Kila Jumatano. Naomi huitumia kila siku, haina mapumziko."

Agnesi alinyanyuka taratibu. Akaitazama draya iliyolala juu ya kitambaa cheupe, na mfuko wa kitenge pembeni yake. Jumatano ya jana draya ilikuwa hapa. Jumatano ya wiki mbili nyuma ilikuwa hapa. Alimwomba Grace ampe mpaka kesho jioni, asimpeleke mtoto popote. Grace akamtazama usoni, akakubali bila kuuliza.

Ijumaa asubuhi aliitia draya mfukoni, akavuta kamba, akafunga kifungo, akapanda gari la Mikumi. Hakupiga simu kwanza. Njia nzima alimtafutia Naomi sababu. Labda amenunua ya pili kwa hela yake na anaona haya kusema. Labda ni draya nyingine tu, na watu hawajui kutofautisha. Labda mdogo wa Grace amechanganya siku. Alipoteremka alikuwa na sababu tatu nzuri mkononi, na aliombea hata moja iwe kweli.

Alisikia sauti kabla hajafika mlangoni. Mvumo mwembamba, mtulivu, kama mtu anayepuliza chai. Sauti ile aliijua.

Naomi alikuwa amempa mgongo, anamkausha dada mmoja mwenye sare ya hoteli. Alimwona Agnesi kwenye kioo. Mkono wake ulisimama hewani, draya ikaendelea kupuliza ukuta. Kisha akatabasamu, akamkaribisha, akasema mgeni gani huyu asiyebisha hodi, akamwambia msichana wake alete soda.

Agnesi alimwamkia yule dada, akamwomba radhi. Akasogea, akapeleka kifundo cha mkono wake mbele ya hewa. Akahesabu kimoyomoyo. Alipofika ishirini aliacha. Akafungua kifungo, akalegeza kamba, akaitoa ile aliyokuja nayo, akaiweka mezani karibu na vitana. Zilikuwa rangi moja, umbo moja, tundu moja. Dada mwenye sare aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, akainamisha macho kwenye simu yake.

Naomi alizima. "Shoga, kaa kwanza."

"Nimekaa sana, Naomi. Hii umeipata wapi?"

Naomi alisema zinauzwa, feki, zipo nyingi, kwa macho huwezi kujua. Alisema hakupanga iwe muda mrefu. Wiki yake ilikuwa inakwisha na ana wateja watano wamelipa kabla, akaona atume ile nyingine mara moja tu. Agnesi akapiga simu, akasema imebadilika sauti, naye akakosa pa kuanzia. Wiki zikaenda. Halafu akasema neno ambalo huenda alidhani litapoza.

"Wateja wangu wanajua vitu, Agnesi. Wa kwako wanataka kukauka tu waende shambani. Niliona haitakudhuru."

Agnesi aliwafikiria mwalimu wa sekondari mbele ya kioo, na mama wa ndoo ya maharage, na Loveth anavyoangalia vidole vyake.

"Na stabilaiza?" akauliza. "Uliniacha nikanunua stabilaiza."

Naomi alikuwa anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Ungeniomba, ningekupa," Agnesi alisema. "Ungesema, shoga, niachie mwezi mzima, kwangu kunalipa. Ningekupa, na nisingeuliza. Unajua kwamba ningekupa."

"Najua," Naomi alisema, kwa sauti ndogo.

Na hilo ndilo Agnesi hakuwa amelitegemea. Katika sababu zake zote tatu za njiani, hakuna hata moja ambamo Naomi alikuwa anajua na bado akafanya. Agnesi akachomoa waya ukutani, akaukunja bila kuukaza, akaitia draya ya kweli kwenye mfuko wa kitenge.

"Wiki hii ni yangu," alisema.

Aliwaaga, mmoja mmoja, hata msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na soda.

Jumamosi alfajiri aliwasha draya mbele ya Loveth na Grace, akajikausha kwanza kichwa chake mwenyewe, mvi na zote, wakaona. Ndipo Loveth akakubali kuketi. Robo saa nywele zilikuwa zimenyooka, laini, zinacheza. Kile kipara Agnesi alikifunika kwa fungu moja alilolilaza kutoka kushoto, akalishika kwa pini mbili, na kanisani hakuna aliyejua. Grace alimwambia wifi, mkono wako umerudi. Samson alipomwona bibi harusi alizunguka nyuma yake akatazama vizuri, akasema sawa, magunia sita yameonekana. Agnesi alisikia sifa zote hizo. Ilikuwa kweli, draya ilistahili bei yake, kila gunia. Alitamani sana kumpigia mtu simu amwambie, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Jumapili aliifuta, akakunja waya. Wiki ya Mikumi ilikuwa imefika, na yeye hakuwa mtu wa kula zamu ya mwenzake. Lakini mfuko wa kitenge aliuweka kabatini. Draya aliifunga kwa gazeti, akaitia kwenye boksi la sabuni, akalizungushia selotepu. Ditram aliuliza nguo yake iko wapi. Agnesi akasema imechakaa.

Wiki moja baadaye boksi lilirudi, lile lile. Juu yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa Naomi, herufi za kulala kama alivyofundishwa Rudewa. *Nisamehe. Ni yenyewe.* Agnesi aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Akamwomba Ditram amsubiri kidogo. Alivuka kwenye kibanda cha kuchaji simu pale stendi, akaomba soketi moja, akafungua boksi, akachomeka, akanyoosha kifundo cha mkono.

Ishirini. Ilikuwa yenyewe.

Imekuwa yenyewe kila Jumapili inaporudi tangu hapo, na wateja wa Kilosa wameacha utani. Naomi hutuma salamu kwa Ditram, na Agnesi hurudisha salamu. Dereva naye ameshazoea. Haondoi gari mpaka amwone yule mama kibandani amemaliza kuhesabu.