Bastola Iliyokwisha Kunywewa Bia

Jumapili ile, kufika saa kumi jioni, bastola ya Phocas ilikuwa imeuzwa kwa kila namna anayoijua mtu wa mtaa wetu wa Nengo. Bei ilikubaliwa, mikono ikashikwa, na Sebagabo, mnunuzi, akawanunulia mashahidi bia kubwa kubwa wakazimaliza. Huku kwetu kitu kikishanywewa bia, basi. Shamba likinywewa bia ni la aliyenunua. Ng'ombe akinywewa bia ni wa mwingine, hata kama usiku huo bado analala zizini kwa mwenyewe wa zamani. Atakayegeuka kesho yake, mashahidi watasimama waseme "sisi tulikunywa," na hapo hakuna wa kubisha.

Shahidi mkuu alikuwa Janvier, mkuu wa mtaa, bingwa wa kuandika mikataba. Tatizo ni kwamba alijua mtindo mmoja tu, ule wa mashamba.

"Inapakana na nini?" aliuliza, kalamu ikiwa hewani.

"Bastola?"

"Mi naandika vile karatasi inaulizaka."

Wakaandika kwamba kaskazini inapakana na nguo za Donatha, mke wa muuzaji, na kusini inapakana na ukuta wa kabati. Usicheke. Watu wazima walitia sahihi.

Mwuza ng'ombe husimulia habari za ng'ombe wake, kwa hiyo Phocas naye alitakiwa asimulie. Lakini bastola ile haikuwa na habari. Aliipata kwa leseni alipokuwa na ofisi ya kubadilisha pesa karibu na mpaka wa Petite Barrière, na kwa miaka yote kumi na saba haikumpiga mtu. Basi akasimulia kile kisa chake kimoja, anachokisimulia siku zote. Jioni moja umeme ulikatika, akasikia mlango wa jikoni unafunguka, akachomoa bastola, akamwekea mwizi kwenye paji la uso. Kumbe mwizi ni Liliane, binti yake, wakati huo ana miaka kumi na minne, ametoka kuosha vyombo.

"Beseni ikaanguka, ngwaa! Sahani zote! Mpaka leo Donatha ananidai sahani!"

Walicheka mpaka Janvier akafuta macho. Phocas naye alicheka, maana kisa kile hakijawahi kumwangusha.

Liliane sasa ni mwalimu Kigali, mama wa Igihozo wa miaka mitano, na Igihozo hajawahi kulala hata usiku mmoja kwa babu yake. Kila likizo jibu ni lile lile: "Papa, ile kitu ikiwa bado kwenye nyumba, hatutakuya." Phocas hakumwelewa. Bastola iko kwenye sanduku la chuma, sanduku liko kabatini, ufunguo uko shingoni mwake. Mtoto wa miaka mitano ataifikiaje? Alidhani binti yake ameharibiwa na Kigali. Hata akija peke yake kwa siku moja, huingia kwa mlango wa mbele kama mgeni, wakati nyumba nzima na majirani hupita jikoni. Lakini sasa ofisi ilikuwa imefungwa, Phocas amestaafu, na Liliane amemwambia kwamba mwaka huu, ile kitu ikitoka, ataleta mtoto Jumamosi kwa wiki mbili nzima. Donatha alishafua shuka za kitanda kidogo mara mbili. Phocas alitamani mtoto yule aje mpaka akakosa usingizi.

Jumatatu asubuhi akaenda polisi na mkataba wake, wamwandikie tu jina jipya arudi nyumbani. Alipokewa na Gatesi, afisa wa kike aliyekulia Karagwe, mwenye Kiswahili kilichonyooka kiasi cha kumwonea haya.

"Mzee, nani alikwambia uiuze?"

"Ni yangu, afande. Leseni ni hii."

"Leseni inakuruhusu wewe uwe nayo. Haikuruhusu umpe mwingine."

Akamweleza polepole. Kwanza Sebagabo aombe ruhusa kwa jina lake mwenyewe. Ataulizwa anaitakia nini, ataiweka wapi, anajua kuitunza au hajui. Akikubaliwa, watakuja wote wawili na silaha yenyewe, namba yake isomwe, jina la Phocas lifutwe daftarini na la Sebagabo liandikwe. Hapo ndipo Sebagabo aishike.

"Akiishika kabla ya hapo ni kosa lake. Na wewe uliyempa ni kosa lako."

"Lakini bia ilishanyweka."

"Bia gani?"

Phocas akamweleza habari ya bia. Gatesi alisikiliza bila haraka, akausoma mkataba, na alipofika kaskazini akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bon, sasa ni ya nani?" Phocas aliuliza.

"Yako."

"Na Sebagabo?"

"Sebagabo amewanywesha watu bia, Mungu ambariki."

"Hiyo ruhusa inachukua siku ngapi?"

"Siwezi kukudanganya. Wiki kadhaa, labda zaidi. Na anaweza kukataliwa."

Phocas alitaka kusema habari ya Jumamosi, akaona aibu kuiletea serikali habari za mjukuu. Alikunja karatasi yake akaondoka.

Njia nzima alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani, likakataa kupangika. Kwa Gatesi bastola ni yake, wala hajauza chochote. Kwa Janvier, aliyemkuta mbele ya duka, bastola ni ya Sebagabo tangu Jumapili, na polisi wanachelewa tu kuandika. Nyumbani Donatha alimsikiliza akiwa amejishika kiuno.

"Kama ni ya Sebagabo, inafanya nini kwa kabati yangu? Na kama ni yako, mutoto atalala wapi?"

Phocas alikula viazi vyake bila kuisikia ladha.

Jumatano Sebagabo akaja mwenyewe. Ni mfanyabiashara wa viazi mwenye ghala kule Busasamana, mtu wa heshima, na alikuja na gunia tupu lililokunjwa vizuri.

"Nimekuya kuchukua kitu yangu."

Phocas alivua ufunguo shingoni. Kwa nini asimpe? Sebagabo hana ubaya, bia imenywewa, na Jumamosi nyumba itakuwa safi. Alifungua kabati, akafungua sanduku. Bastola ilikuwa imelala kwenye kitambaa chake, na Sebagabo alishaukunjua mdomo wa gunia. Hapo sauti ya Gatesi ikamrudia, kosa lake na kosa lako, akajiona Jumamosi yuko mahabusu, na Igihozo anaambiwa babu hayupo. Akafunga sanduku.

"Enda kwanza uombe ruhusa."

"Mi niombe ruhusa ya kitu yangu? Tulikunywa, Phocas! Watu waliona!"

"Najua."

"Donc ni ya nani?"

"Sijue, Sebagabo. Kweli ya Mungu, sijue."

Sebagabo aliondoka na gunia lake bila kuaga, na Phocas alijisikia mwizi wa mali yake mwenyewe.

Alhamisi akarudi kwa Gatesi, na safari hii aibu aliiacha nyumbani. Alimwambia yote, mtoto, Jumamosi, kitanda kidogo, gunia la viazi.

"Mzee, ungesema hivyo Jumatatu!" Gatesi alimwambia. Kumbe inawezekana polisi waitunze silaha ghalani kwao mpaka ombi la Sebagabo lijibiwe. Askari wawili wakaenda naye kuichukua, Nengo nzima ikatoka nje ikidhani Phocas amekamatwa, na Donatha akalia kwanza ndipo akauliza. Jioni sanduku lilikuwa tupu, na ndani yake Phocas aliweka stakabadhi yenye mhuri.

Jumamosi Liliane alifika peke yake. Mtoto alikuwa amemwacha mjini kwa dada wa Donatha. Alipita mlango wa mbele, akawasalimu, akaenda moja kwa moja kabatini. Alitazama sanduku, akaisoma stakabadhi mara mbili.

"Imeuzwa?"

"Hapana. Ndiyo. Yaani bia ilinyweka, lakini serikali haikukunywa..." Phocas alijikanyaga, akaanza upya, akajikanyaga tena. Mwishowe alicheka ili mambo yawe mepesi. "Usiogope. Sasa mutu akiingia na beseni kwa mulango ya jikoni, nitamuelekezea mwiko!"

Liliane hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Papa, unafikiri naogopa Igihozo ataifungua?"

"Sasa unaogopa nini?"

"Siku ile ulikuwa na tochi. Ulinimulika kwa uso, ukaniangalia hivi, na hukunijua. Mi nilisema 'papa', nikasema tena 'papa', na ile kitu iko tu hapa." Aligusa paji la uso wake. "Kisha ukacheka. Mama akacheka. Na mi nikacheka, nikaokota sahani. Ulisimulia hata siku ya mahari yangu, mbele ya wakwe. Tangu siku ile sijapita ule mulango. Hukuonaka?"

Phocas alimtazama mkewe, na Donatha akatazama sakafu. Phocas alikitafuta kichwani kisa chake, kile anachokijua kwa moyo. Aliona giza, akasikia beseni, akahesabu sahani zote zilizovunjika. Uso wa mtoto haumo. Kisa alichokisimulia maisha yake yote, na uso wa mtoto hakuwahi kuutia ndani. Alitaka kusema neno, akawa hajui baba huanzia wapi.

Akatoka nje. Liliane alidhani amekasirika, akaanza kufunga mkoba wake.

Baada ya nusu saa Phocas alirudi na Janvier, na Sebagabo aliyekuwa bado amenuna, na chupa tatu za bia, na Fanta moja. Sebagabo alikuja akiamini anakabidhiwa bastola. Janvier alishatoa kalamu.

"Tunaandika nini?"

"Hakuna kuandika. Musikilize tu."

Akasimulia kisa kile kile, umeme, mlango, bastola. Alipofika kwenye beseni Janvier akaanza kucheka, maana ndipo wanapocheka siku zote. Phocas akainua mkono.

"Hapo musicheke. Alikuwa mutoto wangu. Aliniita mara mbili, nikamuwekea bastola kwa uso, na sikumuomba musamaha. Nilicheka. Nilifanya nanyi mucheke." Akamgeukia binti yake. "Liliane, nilikukosea. Nakuomba musamaha, na hawa ni mashahidi."

Akafungua ile Fanta, akampa kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake.

Hakuna aliyegusa chupa yake. Liliane aliishika Fanta kwa muda mrefu, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akanywa funda moja, akaiweka mezani.

"Naenda kuleta mutoto," alisema.

Alisimama. Hakuenda mlango wa mbele. Alipita jikoni, akatulia kidogo penye kizingiti na mkono ukutani, halafu wakasikia mlango wa jikoni unafunguka.

Sebagabo, ambaye bado hakuelewa bastola imeingiaje humu na imetokaje, alikohoa.

"Amekunywa?" Janvier aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amekunywa," alisema Sebagabo. "Sisi wote tumeona."