Koti la Liège

"Iko hapa juu ya meza," alisema Benny. "Niko naiangalia na macho yangu, Jeanine. Visa imebandikwa, na sura yako ndani. Ata umependeza."

Jeanine alikuwa amesimama juu ya jiwe jeusi la volkano nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Majengo, mahali pekee katika ua ule ambapo simu ilishika mtandao bila kukatakata. Alikuwa ameibana kati ya sikio na bega, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika suruali ya mteja, na midomo yake ilikuwa imeshika pini.

Alitema pini kiganjani. "Nitumie picha."

Picha ilikuja polepole, kuanzia juu kwenda chini. Kwanza paji la uso, halafu macho, halafu mdomo ambao mpiga picha alimkataza kuutabasamisha. Chini kabisa zikaja tarehe. Pasipoti yake ilikuwa Kinshasa na yeye alikuwa Goma, na kati yao kulikuwa na nchi nzima: misitu, mito, mstari wa vita, na uwanja wa ndege ambao hakuna ndege iliyokuwa ikitua tena.

"Umeona?" aliuliza Benny.

"Nimeona."

"Sasa furahi kidogo, dada."

"Nimefurahi," alisema Jeanine, akarudisha pini mdomoni.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri mno. Alipomaliza masomo ya mitindo na ushonaji, kazi yake ya kuhitimu ilikuwa koti. Alilikata kutoka kwenye blanketi la kijivu, yale mablanketi ambayo wakimbizi hupewa kambini na ambayo siku mbili baadaye unayakuta yamepangwa sokoni Virunga. Ndani aliweka kitenge chekundu. Kwa kulitazama, lilikuwa koti tu, la kumkinga mama na ubaridi wa asubuhi za Goma. Lakini ukifungua vifungo vya ubavuni, mgongo wake ulitanuka, kipande cha pembetatu kilichojikunja ndani kikajifungua, na mtoto akapata mahali pa kukaa kama kwenye mbeleko, joto la mama yake upande mmoja na blanketi upande mwingine. Mtoto akishuka, unafunga vifungo, na koti linarudi kuwa koti. Kipande kile cha pembetatu kilimsumbua miezi. Alikikata na kukitupa mara nyingi kwenye karatasi za mifuko ya sementi, mpaka siku moja kikakubali.

Mwalimu wake alizituma picha kwenye karakana moja ya mavazi huko Liège, Ubelgiji. Mwenye karakana, Madame Hélène, aliandika mwenyewe: njoo kwetu miezi sita ujifunze kazi, na koti uje nalo. Pasipoti ikabidi iende Kinshasa kuombewa visa. Jeanine aliituma kwa ndege, mkononi mwa mtu, kwa binamu yake Benny, bila wasiwasi wowote, maana wakati ule ndege zilikuwa zikienda na kurudi na hakuna aliyezihesabu kama neema. Visa ilitoka mwishoni mwa Januari, na wiki hiyohiyo vita vikaingia mjini.

Baba yake, Muzee Balagizi, alikuwa karani wa hati za uzazi mpaka alipostaafu. Watoto wengi wa mitaa ile majina yao aliyaandika yeye. Alijua ofisi zote, na ofisi zote zilimjua. Kwa hiyo, mapigano yalipotulia, alivaa koti lake la kazi na tai yake ya bluu, akaenda kuuliza kama kuna njia ya kupata hati nyingine ya kusafiria. Alikwenda tena Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Alikuta vijana wapya, waliowekwa na waasi walioteka mji, nyuma ya madirisha yaleyale. Hawakumtukana wala kumfukuza. Walimwita muzee, walimpa kiti.

"Banasema je, papa?" Jeanine alimuuliza kila aliporudi.

"Banasema nirudie juma ijayo."

Siku moja aliondoka bila tai. Jeanine alimwona akipita getini shingo wazi, akainamisha kichwa kwenye mashine wasije wakakutana macho. Baada ya siku ile mzee hakuenda tena.

Halafu palikuwa na Mirindi, mfanyabiashara wa vitenge, mtu aliyezoea njia za kuzunguka. Alikuwa Kinshasa, angepanda ndege hadi Uganda, kisha angeingia kwa barabara. Benny alimkabidhi pasipoti. Kwa siku chache nyumba nzima ilimfuata Mirindi kwa mawazo kama watu wanaofuata mgonjwa: sasa amefunga mizigo, sasa yuko uwanja wa ndege. Kisha akapiga simu mwenyewe.

"Binti yangu, nisamehe. Nimeirudisha kwa Benny. Bakinikamata njiani na pasipoti ya mutu mwingine, bataniuliza huyu ni nani, na unaipeleka kwa nani kule. Niko na batoto."

"Naelewa, papa Mirindi."

"Usinikasirikie."

"Sikukasirikii."

Na kweli hakuweza. Ingalikuwa nafuu kupata mtu wa kumkasirikia. Alimtafuta usiku kitandani na mchana kwenye mashine: Benny hakukosa, Mirindi hakukosa, hata wale vijana wa dirishani hawakuwa na hati ya kumpa baba yake. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ambayo kila mlinzi wake anamwonea huruma.

Madame Hélène alimsogezea tarehe mara mbili. Mara ya tatu hakuandika, alipiga simu. Jeanine alipanda juu ya jiwe. Yule mama alizungumza Kifaransa cha polepole, akitulia kila baada ya sentensi.

"Jeanine, siwezi kuendelea kuitunza nafasi. Kuna msichana mwingine, ameanza wiki hii. Nimeona ni heri uisikie kwangu."

"Ndiyo, Madame."

"Na kuna jambo lingine. Una haki ya kulikataa. Mwezi ujao tuna maonyesho, na koti lako nilikuwa nimeshalipangia mahali. Kama wewe huwezi kuja, na koti haliwezi kuja, je, ungetupa vipimo? Tulishone huku. Jina lako litaandikwa."

Jeanine alitazama chini, kwenye miguu yake. Jiwe lilikuwa na vitundu vidogovidogo, na katika kimoja maji ya mvua yalikuwa yamebaki.

"Naomba nifikiri, Madame."

Jioni, mama yake alirudi kutoka soko la samaki la Kituku na beseni lake la sambaza, wale dagaa wa ziwani, akawakuta baba na binti wamekaa uani. Walimweleza.

"Ukatae," alisema Muzee Balagizi. Alikuwa hajapandisha sauti tangu Januari. "Nafasi banaipa mwingine, sasa na kazi pia? Jina! Jina bataliandika kwa herufi kadogo, chini, kwenye pembe. Mimi nimeandika majina maisha yote, najua namna jina linapotea."

Mama Domitille aliweka beseni chini, akajinyoosha mgongo. "Na akikatala, koti itafanya nini? Itatulindia nyumba?"

"Itakuwa yake."

"Iko yake tangu zamani, na iko ndani ya sanduku, inakula naftalini." Akamgeukia binti yake. Sauti yake ilishuka. "Mimi siyajui ya kule, mama. Unaona je, wewe?"

Jeanine hakuona kitu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Kukubali na kukataa vilikuwa milango miwili ya chumba kimoja. Kwa huku au kwa kule, yeye angebaki Majengo akipindia suruali za watu. Lakini kesho yake alitandika zile karatasi za sementi sakafuni, akaweka rula kando ya kila kipande ili vipimo vionekane, akapiga picha. Alipofika kwenye pembetatu alisita. Angeweza kuiacha. Bila pembetatu ile koti lingekuwa koti tu, na huko Liège wangekuna vichwa. Aliikunja ikawa ndogo, akaitia mfukoni mwa sketi, akaenda kupika. Ugali ulipokaribia kuiva aliitoa, akainyoosha kwa pasi ya mkaa, akaipiga picha kama wenzake.

Akazituma zote. Huko Liège walishindwa kulishona hata hivyo. Wiki ya pili Madame Hélène akaomba kuonana naye kwa video. Jeanine alikodi mtandao kwa jirani mwenye antena, akaegemeza simu kwenye chupa ya maji juu ya meza yake ya kukatia, na karakana ya Liège ikatokea mbele yake, ndogo kama kadi.

Aliona madirisha marefu. Aliona ukuta wenye bobini za uzi zilizopangwa kwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, zote zikiwa zimejaa. Mbele alisimama msichana wa nywele fupi, Élodie, yule aliyeanza mahali pa Jeanine, na koti la kijivu kwenye sanamu ya mbao, na mto wa kulalia ukining'inia mgongoni.

"Mtoto anaanguka," alisema Élodie, akacheka kwa aibu. "Kila nikimweka, anaanguka."

Jeanine alisogeza uso karibu na simu. "Umegeuza pembetatu. Ncha ikae chini. Ukiipandisha juu, kitambaa kitamziba pua."

Msichana alichomoa pini, akageuza, akachoma. Hapana. Akajaribu tena. Mikono yake ilikuwa mizuri, Jeanine aliiona. Haikuwa mikono ya mtu wa kubezwa. Lakini ilikuwa haijawahi kubeba mtoto mgongoni, na maneno hayakutosha.

"Ngojeni," alisema Jeanine.

Katika chumba cha karibu na geti alikaa Uwizeye, aliyekimbia kutoka Masisi na mtoto wake wa kike kifuani. Jeanine alimkuta akimnyonyesha.

"Niazime mutoto kidogo."

"Unamupeleka wapi?"

"Ubelgiji."

Uwizeye alimtazama, akaona hatanii, akampangusa mtoto maziwa mdomoni. "Musimukawishe. Atalia njaa."

Jeanine alilitoa koti sandukuni, akalivaa. Kisha mbele ya simu aliinama, mgongo ukawa sawasawa kama meza, akamrusha mtoto begani kwa ile namna ambayo kila mama wa mji ule huifanya bila kufikiri, akapitisha mkono nyuma, akafungua vifungo. Pembetatu ikafunguka. Mtoto akateleza ndani, akatulia, kichwa chake kikatokeza kwenye shingo ya pili ya koti, nyuma ya ile ya mama. Jeanine akasimama wima.

Kule Liège Élodie aliziweka pini zake mezani.

"Rudia," alisema Madame Hélène, ambaye alikuwa amekuja bila Jeanine kumwona. "Tafadhali, rudia. Polepole. Élodie, rekodi."

Alirudia. Akarudia tena, safari hii akigeuka ili waone mshono wa ndani. Watu wengine walikusanyika nyuma ya Élodie, mmoja na futi ya kupimia shingoni, mmoja na kikombe cha kahawa. Walimuuliza kwa nini mshono umekatwa kwa mshazari, na yeye akawajibu. Walimuuliza kama kitambaa chepesi kingefaa, akasema hapana, chepesi kitamsahau mtoto. Walicheka, na hakujua kama alikuwa amesema kitu cha kuchekesha. Akasahau chupa, akasahau meza, akanyoosha kidole kuonyesha kosa dogo kwenye mkono wa koti lao, na kidole kikagonga kioo cha simu.

Mtoto akaanza kulia.

"Jeanine," alisema Madame Hélène, akija mbele kabisa, uso wake ukajaza kadi nzima. "Kabla hatujaagana, nilitaka kukuuliza—"

Picha iliganda. Mdomo wa yule mama ulibaki wazi, mkono mmoja hewani. Jeanine alisubiri. Alimbembeleza mtoto kwa kujitikisa, macho kwenye simu. Kisha kioo kikawa cheusi, akajiona mwenyewe ndani yake, na kichwa kidogo nyuma ya bega lake.

Jirani alijaribu kuwasha antena tena. Umeme wa mtaa wote ulikuwa umekatika. Ujumbe wa Liège uliingia baada ya siku mbili: *Tumeelewa sasa. Litapendeza sana. Asante kutoka kwetu sote.* Aliusoma, akaushusha chini kutafuta kilichobaki. Hapakuwa na kilichobaki. Alipouliza kwa maandishi Madame alitaka kusema nini, alijibiwa na Élodie kwamba Madame yuko safarini.

Alhamisi alasiri Benny alipiga simu, na mara hii mtandao ukashika hata ndani.

"Mirindi amerudi kwangu," alisema. "Anasema amepata njia nyingine, na sasa haogopi sana. Anaondoka juma hii. Lakini visa, dada... umeona tarehe. Ata akifika, itakuwa imebaki siku za kuhesabu. Na kule bashachukua mwingine. Nimupe, ao niiweke?"

Jeanine alikuwa kwenye mashine, shati la shule la mtoto wa watu chini ya sindano. Umeme ulikuwa umekwenda katikati ya mshono tangu saa sita, na yeye alikuwa amekaa hapohapo akingoja, kwa sababu mwenye shati angelifuata kabla ya giza. Uani, baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akisikiliza bila kugeuza kichwa. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Jeanine? Nimupe?"

"Mupe," alisema.

"Kwa kufanya nayo nini?"

"Sijui, Benny. Mupe tu."

Aliweka simu chini. Alilitoa lile shati chini ya sindano na kujinyoosha nalo hadi dirishani, apate mwanga wa kutazama kola, mguu wake mmoja ukiwa umeachwa nyuma kwenye pedali, kiti kimelalia upande. Kola ilikuwa imekaa vizuri. Aliendelea kuitazama.

Ndipo umeme ukarudi. Taa ikawaka juu, redio ya jirani ikaanza katikati ya neno, na mashine ikashtuka chini ya mguu wake ikaanza kushona, sindano ikipanda na kushuka kwa kasi bila kitambaa, uzi ukijisokota na kujaa. Jeanine aliisikiliza. Ilipita muda kabla hajakumbuka kuinua mguu.