Pengo la Jumamosi

Kazi yangu ni kupanga zamu za wafanyakazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hopkins, Marekani. Chuoni nilisomea usimamizi wa huduma za afya, nikaishia mbele ya kompyuta yenye ratiba ya juma zima, ambapo kila zamu isiyo na mtu huonekana kama pengo jekundu. Sijawahi kuona juma lisilo na mapengo. Tuna wazee sitini na wafanyakazi wa kutosha wazee arobaini, na meneja wetu, Lenny, hupita kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa akiuliza swali lile lile: mangapi leo?

Mimi si msemaji. Hata kwenye kikao cha watu watano, moyo hunidunda kabla sijataja jina langu. Lakini kwenye ratiba nilikuwa na nguvu ambayo watu hawakuifikiria. Nikisogeza jina moja, siku ya mtu inabadilika. Aliyetaka ruhusa aliandika kikaratasi na kukitia kwenye sanduku lililoning'inia mlangoni pangu. Wote waliandika, isipokuwa Maureen.

Maureen ni nesi. Tumetoka mtaa mmoja Eldoret, na hapa tunaishi nyumba moja, vyumba viwili na jiko. Yeye alikuwa akiniambia tu, tukiwa tunasonga ugali: Chep, Jumanne nisaidie. Nami nilikumbuka. Kumwambia mtu wa kwenu aandike kikaratasi kungekuwa kama kumlipisha chai.

Kibali chake cha kazi kilikuwa kinaisha Septemba, na foleni ya kupata makaratasi ya kudumu hapa ilikuwa ndefu mno. Kanada, kwa upande wao, wanahesabu watu kwa pointi: umri, masomo, uzoefu wa kazi, lugha. Maureen alikuwa amezijumlisha nyuma ya bahasha na kuibandika kwenye friji. Zilikuwa pungufu kidogo ya zinazotakiwa. Mtu akijua Kifaransa vizuri huongezewa pointi, na mtu akifikisha miaka thelathini pointi za umri huanza kushuka. Maureen angefikisha thelathini tarehe ishirini na tisa Mei. Nafasi ya mtihani wa Kifaransa iliyobaki kabla ya siku hiyo ilikuwa moja, Jumamosi ya pili ya Mei, Chicago. Alishailipia.

Aliyeuliza nani angemfundisha alikuwa yeye. Aliyejibu Sosthène nilikuwa mimi.

Sosthène ni mhudumu wetu kutoka Bukavu. Anawaogesha wazee, anawageuza kitandani, anawalisha, na wanamngojea kama mjukuu. Wakati wa mapumziko alikuwa akija kukaa nami ofisini, analeta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye mkebe wa kijani, ananiita Mama Horaire, kwa kuwa kwa Kifaransa chao ratiba ndiyo horaire. Nilikuwa nimempenda kwa miezi minane bila kumwambia mtu, naye akiwemo.

Basi akaanza kuja nyumbani kila Alhamisi jioni. Alivua viatu mlangoni, vikakaa karibu na vya Maureen. Juma la kwanza nilikaa nao. Juma la pili Maureen alivaa sweta yake nzuri, nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia chumbani. Nikawasikia kupitia ukuta. Maureen alitamka vibaya, Sosthène akarudia polepole, kisha wote wawili wakacheka. Alipoondoka nilifungua friji kutafuta maziwa, nikakuta mkebe wa kijani. Juu yake palikuwa na karatasi yenye jina la Maureen.

Nilisimama pale nikisoma ile bahasha ya pointi. Mimi niliingia nchi hii na baba yangu, aliyeshinda grini kadi kwa bahati nasibu. Sikuwahi kuulizwa najua nini. Hakuna aliyenihesabu. Mwenzangu alikuwa anahesabiwa kila juma, na kila juma alizidi kidogo, na sasa hata yule mtu mmoja niliyemtaka amekuwa sehemu ya hesabu yake.

Juma lililofuata Alhamisi jioni ilikuwa na pengo la nesi. Nikaandika Maureen. Iliyofuata pia. Sikuwa nadanganya, mapengo yalikuwepo kweli, na huo ndio ubaya wa upungufu wa wafanyakazi: unampa mtu kisingizio safi. Wakahamishia masomo Jumapili mchana. Nikampa Sosthène zamu za Jumapili. Maureen alirudi nyumbani miguu imevimba, akailoweka kwenye maji ya chumvi, akisoma kitabu chake cha Kifaransa huku kichwa kinaanguka. Nilimletea maji ya moto. Hilo nalo lazima niliseme, kwamba nilimletea maji ya moto.

Mwanzoni mwa Mei vijana wa kanisa letu la Bloomington walifanya mdahalo baada ya ibada: je, Marekani nayo ichague wahamiaji kwa pointi? Mwenyekiti, Harrison, ambaye huamini kuwa watu wakimya wanahitaji mazoezi, alinipanga kupinga. Upande wa kuunga mkono alikuwa Maureen.

Maureen alizungumza vizuri. Alisema pointi angalau zinaonekana. Unajua umepungukiwa wapi, unakwenda kujifunza, unaongeza. Hapa unangoja miaka bila kujua unangoja nini, na wakati huo huo hospitali zinalia hazina manesi.

Nilipoitwa, nilisimama. Kisha nikamwona Sosthène, Mkatoliki wa watu, amebadilishana zamu yake ya Jumapili na mwenzake, amekaa mstari wa nyuma katika kanisa letu, amekuja kumsikiliza Maureen. Sauti ikatoka nisikojua. Nikasema kule Hopkins ninakaa na mapengo mekundu kila siku, na pengo kubwa si la nesi, ni la yule anayemwogesha mzee, na kazi hiyo haina pointi za maana mahali popote. Mtu anaweza kujua kumgeuza bibi wa miaka tisini asiumie, na hesabu ikampita kana kwamba amekaa tu. Wakaanza kupiga makofi. Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikasema, nikimtazama Maureen:

"Halafu mtu akizoea kuhesabu pointi, mwishowe anaangalia hata marafiki zake hivyo. Huyu ana pointi ngapi. Huyu atanifaa kwa nini."

Maureen alipewa dakika moja ya kujibu. Alitabasamu, lakini nilimwona ameumia.

"Dada yangu aliokota grini kadi kwenye bahati nasibu," alisema. "Aliyeshushiwa kikapu kutoka mbinguni asitufundishe sisi tunaopanda ngazi."

Watu walicheka hadi Harrison akagonga meza. Sosthène naye alicheka. Nadhani ni kile kicheko chake nilichokwenda nacho kazini Jumatatu.

Jumanne nesi mmoja aliomba likizo ya ugonjwa, na Jumamosi ya pili ya Mei ikawa nyekundu. Lenny alisimama mlangoni na kikombe chake. Nesi wa Jumamosi apatikane, alisema, yeyote. Nikatazama majina. Maureen alikuwa ameniambia ile Jumamosi mara tatu jikoni, ya mwisho akinishika mkono. Lakini sandukuni hamkuwa na kikaratasi. Ningesema nimesahau na hakuna ambaye angenipinga. Nikaandika jina lake. Sheria yetu ni kwamba ratiba ikishabandikwa Jumatano, mwenye zamu anatafuta mtu wa kumshikia mwenyewe, na asipofika anapoteza kazi.

Jumatano jioni nilimngoja nyumbani nikiwa nimejiandaa kugombana. Alikuja, akaweka mkoba chini, akakaa kando yangu kwenye kochi.

"Najua Lenny amekubana," alisema. "Usijilaumu, Chep."

Halafu akachukua simu akaanza kuwapigia manesi wenzake mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa na zamu, na wengine walikuwa na zamu sehemu mbili. Aliwapigia watu wa mtihani. Nafasi nyingine ilikuwa Juni, baada ya siku yake ya kuzaliwa. Alisema asante kwa Kiingereza, kwa adabu, akakata. Akaivua ile bahasha kwenye friji, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kitabu cha Kifaransa. Hakulia. Angelia, labda ningeweza kuvumilia.

Nesi mmoja Maureen hakuwa amempigia, kwa sababu huyo kila mtu alimwogopa. Ephrasia ni Mtanzania wa Bukoba, mwenye miaka hamsini na tano, na Jumamosi zake ni za kulea wajukuu, hazigusiki. Alhamisi nilimfuata kwenye chumba cha dawa. Nikasema shikamoo, nikasimama. Alipanga vidonge kwenye vikombe vyake bila kunitazama. Nikaeleza, nikakosea, nikaeleza tena: Maureen ana mtihani, kesho kutwa, hakuna mwingine.

"Hakuandika kikaratasi?"

"Hapana, mama. Aliniambia mdomoni."

"Nawe ukasahau."

Aligeuka.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Wajukuu watakuwa na mama yao. Lakini unijibu, mwanangu. Ulisahau, au ulitaka kusahau?"

Kwenye kile chumba kidogo kilichonuka spiriti, nikatazama vikombe vyenye majina ya wazee.

"Nilitaka."

Aliendelea kuhesabu vidonge. Baadaye alisema mtu wa kuambiwa hilo si yeye, akaniomba nipishe mlangoni.

Ratiba ilikuwa na tatizo moja bado. Gari la Maureen lisingefika Chicago, na aliyekuwa amejitolea kumpeleka ni Sosthène, ambaye alikuwa na zamu ya Jumamosi asubuhi. Mimi ndiye niliyempa, juma lile lile. Nilikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Nikawaona barabarani, saa sita za kwenda na saa sita za kurudi, Kifaransa njia nzima, mkebe wa kijani katikati yao. Nikafuta jina la Sosthène. Pengo likawa jekundu. Cheti cha uhudumu ninacho, nilikifanyia kazi nikiwa chuoni, kabla mgongo haujaanza kunisumbua. Nikaandika Chepkemoi.

Ijumaa asubuhi Maureen alikuwa anakunywa chai kwa kusimama. Nikamwambia Ephrasia atashika zamu yake, na Sosthène yuko huru kumpeleka, na gari lake liwekwe mafuta leo. Alinikumbatia hadi chai ikamwagika kwenye mkono wangu. Alisema alijua nisingemwacha. Aliuliza zamu ya Sosthène ataishika nani.

"Mimi."

"Wewe? Na mgongo wako?"

"Mimi. Maureen, kuanzia leo ukitaka siku, uniandikie kikaratasi. Kama wengine."

Alicheka, akidhani ni utani wa ofisini. Akaniuliza tangu lini tumekuwa wazungu. Mimi sikucheka. Nilijifuta chai mkononi, nikaendelea kujifuta hata palipokauka. Nikaona macho yake yakienda kwenye friji, mahali bahasha ilipokuwa, kisha yakarudi kwangu, yakakaa. Nadhani alikuwa anazipitia Alhamisi zote, moja moja, na Jumapili baada yake.

Alifungua kitabu chake cha Kifaransa, akachana karatasi kwa nyuma, akainama juu ya meza ya jiko na kuandika. Alikuwa na mwandiko mzuri tangu shule ya msingi. Akaikunja, akanipa, akachukua mkoba wake akatoka.

Aliandika: Naomba ruhusa Jumamosi hii. Maureen Jepkorir, nesi.

Jina lote, kama mtu anayemwandikia mgeni. Niliipeleka kazini, nikaitia kwenye sanduku la mlangoni pangu, kisha nikafungua sanduku nikaitoa, kama ninavyotoa za wengine.