Vipande vya Basi la Mwanaima

Jirani yangu Marselina ndiye aliyenitia wasiwasi. Alitoka Ruangwa akapita kwangu hapa Nambambo, akasema kuna basi dogo la mbao huko kwa fundi seremala Kaimu, viti vyekundu, watu wanalisifia kweli. "Wanasema kalitengeneza Moza." Moza ni mtoto wa mdogo wangu, Mustafa. Nikamwambia huo uongo. Lakini siku tatu nzima nililiwaza hilo basi.

Basi lile ni la binti yangu, Mwanaima. Fundi Kaimu alitangaza kwamba karakana yake itachukua mwanafunzi mmoja tu, atakayeleta kazi nzuri kuliko wote. Mwanaima akapaka rangi kila kipande peke yake: viti, usukani, milango. Paa likishafungwa brashi haifiki ndani. Pa kutia gundi aliacha mbao tupu. Wiki sita. Akataka apeleke mwenyewe, nami nikakataa. Msichana peke yake, bodaboda, njia ile! Tena kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Nikafunga vipande kwenye kanga, nikampa Mustafa apeleke kwa fundi, akaviunganishe huko huko Ruangwa, visivunjike njiani.

Ndipo nikaenda Ruangwa. Nikamkuta Moza kwenye benchi la fundi, anapiga msasa. Mustafa akanivuta nje.

"Dada, usipige kelele, watu wanatuangalia."

"Lile basi la nani?"

"Wewe ulinipa vibao vya rangi kwenye kanga. Nani kaunganisha? Mimi na Moza."

"Viti kapaka nani, Mustafa?"

Akacheka. "Mwanaima bado mdogo, atapata nafasi mwakani. Kwani mimi si mjomba wake? Nimeshaamua."

Nikamwendea fundi Kaimu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, jina la mwanao liko wapi kwenye kazi?" Halikuwepo. Mwanaima alitaka kuliandika mwisho, chini ya basi likishaunganishwa.

Sasa Mwanaima ananiamkia, halafu anatoka nje. Jana nikamuuliza atapaka nini tena. Akasema, "Mama, kamuulize mjomba."

Akina mama wenzangu, msifanye makosa yangu:

Msimkabidhi mtu kazi ya mtoto ikiwa bado vipande.

Msiache jina mpaka mwisho. Liandikwe kwenye kila kipande, hata gurudumu.

Msiogope kumuuliza ndugu mbele ya watu.

Msimzuie mtoto kupeleka kazi yake kwa sababu nyinyi mna hofu. Pandeni naye hiyo bodaboda.