Spinachi ya Ubavuni

Maji ya samaki wa Mbuthia yaliua shamba la Mwongeli. Maharagwe yalikufa kwanza, dhania ikafuata, kisha sukuma wiki ikaungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kufikia mwisho wa Machi, robo ekari ya Dagoretti iliyokuwa ikilisha vibanda vitatu vya chakula kule Hurlingham ilikuwa kipara.

Kosa lilikuwa la Mbuthia, na alilijua. Kwa miaka miwili maji machafu ya mabwawa yake yalikuwa yakiteremka kwa mfereji hadi kwa Mwongeli, na kinyesi cha samaki ndicho kilichokuwa mbolea yake. Halafu tilapia wakashikwa na ugonjwa wa ukungu. Mbuthia akaenda kwa wauza ngozi karibu na kichinjio, akanunua magunia ya ile chumvi yao ya kuhifadhia ngozi, akamwaga bwawani. Samaki wakapona. Kila alipojaribu kuipunguza, ukungu ulirudi, kwa hivyo akaendelea kumwaga. Hakumwambia Mwongeli neno. Alidhani chumvi ikishayeyuka imekwisha.

Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mzito wa maneno, Wangeci, aliyeishi juu ya barabara. Alikuja akatazama, akatikisa kichwa, akamgeukia Mwongeli.

"Mama Mutinda, hii ardhi ni ya kulimwa. Nikirudi mwisho wa Agosti nikute iko hivi, nampa yule kijana wa kuosha magari."

Mwongeli alikuwa amekodi shamba hilo miaka tisa. Hakuwa na lingine.

Siku iliyofuata Mbuthia alishuka kuomba msamaha, amejiandaa kutukanwa. Alimkuta amechuchumaa mferejini, anachovya kidole na kulamba.

"Mama Mutinda! Hayo ni mavi ya samaki."

"Najua ni nini. Nataka kujua ni chumvi kiasi gani." Akatema. "Kisima cha kwetu Makueni kilikuwa kikali kuliko hii, Baba Shiku, na mboga tulikula."

"Nitafunga mfereji leo leo."

"Ukifunga nitamwagilia na nini, mate? Wacha yakuje. Mimi nimekosa tu mboga ya kuyanywa."

Akaanza kuitafuta. Alipanda mbegu za aina tisa kwenye mabeseni yaliyotoboka, akazinywesha maji yaleyale. Saba zilikufa. Zilizobaki ni bitiruti na spinachi, ile ya majani mapana na shina jeupe. Basi akainua matuta kumi na manne ya spinachi, na kwa kuwa watu lazima wale, mchana alikuwa anashuka mjini kuchuuza soksi, akirudi jioni kupanda matuta mawili matatu.

Alikuwa amefikisha manane Mbuthia alipoamua kumsaidia. Mchana mmoja Mwongeli akiwa mjini, aliingia na jembe na pakiti za mbegu zilizobaki. Akaona kwamba yale manane yalikuwa yamepandwa vibaya: mbegu zimewekwa ubavuni mwa tuta, kama za mtu aliyesinzia kazini. Maskini, amechoka, akawaza. Akafunga kamba, akapanda yale sita yaliyobaki juu kileleni, mstari ulionyooka kama rula. Ilipendeza macho.

Wiki tatu baadaye Mwongeli alimwita. Kwenye yale manane, miche ilikuwa imejipanga ubavuni, mibichi, inang'aa. Kwenye yale sita hapakuwa na kitu. Vilele vyake vilikuwa vyeupe kama vimenyunyiziwa unga.

"Nani alikufundisha kupanda hivi?"

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa na maji matamu." Alikwangua ule weupe kwa ukucha, akamwonyesha. "Maji yakipanda tuta yanabeba chumvi mpaka juu. Jua linakunywa maji, chumvi inabaki hapo kileleni. Sasa wewe umeenda kulaza mtoto hapo hapo! Mimi namweka ubavuni, chumvi inampita ikienda zake."

"Si ungeniambia!"

"Na wewe si ungeniambia ya chumvi?"

Mwongeli akaangua kicheko, na Mbuthia akacheka naye kwa aibu.

Kuanzia hapo alikuwa akishuka kila jioni, si kusaidia, kutazama. Alikuwa amefuga samaki miaka sita na kujiona mjanja. Sasa alimwona mwanamke huyu akifungulia maji mengi kwa mpigo, mara moja, hadi yakatokea kwenye mtaro wa chini. "Ukinyunyiza kidogo kidogo, unaipakia ardhi chumvi," alimwambia. "Ipe mengi, yaisukume chumvi chini." Alimwona akilamba udongo kama mpishi anavyoonja mchuzi, akisema tuta hili lingoje, lile linywe. Hakuwahi kukosea, na hakujisifu hata mara moja. Yale sita Mwongeli aliyapanda upya, ubavuni.

Wangeci alirudi mwisho wa Agosti. Spinachi ilikuwa imefika magotini. Alizunguka shamba lote, akachana jani, akalitafuna likiwa bichi.

"Hii imeshatiwa chumvi."

"Nimekupunguzia kazi ya jikoni," Mwongeli akasema.

Wangeci akavunja majani ya kujaza mkono, akayatia kwapani, akaondoka nayo. Getini aligeuka. "Yule wa magari nitamwambia atafute kwingine."

Mbuthia alisimama pale akafanya hesabu ya hasara, kwa sababu ilikuwa yake kufanya. Miezi mitano bila mavuno. Mbegu za aina saba, na za matuta sita. Wiki kumi na tano za kuuza soksi mjini, mbili kati yake akiuza huku anaumwa. Kibanda kimoja cha Hurlingham, kilichopata muuzaji mwingine na hakikurudi. Miparachichi miwili ya mpakani, iliyokauka ikiwa na matunda yake ya kwanza. Na Mutinda, mtoto wa Mwongeli wa gredi ya sita, aliyepelekwa Makueni kwa nyanya yake Mei chakula kilipopungua, na ambaye bado yuko huko.