Uso wa Kanali

Katika filamu iliyokuwa ikitengenezwa vita viliisha kinyume: upande wa Kanali ulishindwa, naye akapandishwa kizimbani na pingu mikononi. Katika dunia yetu hii Kanali alishinda, akala pensheni hadi akanenepa, akafia kitandani na kuzikwa kwa mizinga. Ndiyo maana mpambaji wa waigizaji aliifanya kazi hii kwa moyo wote. Kanali huyo alimchukua kaka wa mpambaji mlangoni pao, na kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Akamkalisha mwigizaji wa Kanali, kijana mpole asiyeweza kuua hata mende. Akamchonga kovu la nta shavuni, akamtia mvi. Alipomaliza, alirudi nyuma akautazama uso wa Kanali. Kazi ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimkera.

Mwongozaji alitaka wazee wa kujaza mahakama. Mpambaji akamleta mama yake, angalau amwone muuaji akihukumiwa. Hapo ndipo alipokosea.

"Mama, ni maigizo tu," alimwambia njia nzima.

"Nimesikia. Kwani mimi mtoto?"

Kamera zikawashwa. Mama akainuka kwenye benchi, akawapita askari wa kuigiza, akasimama mbele ya kizimba. Watu wakangoja kofi.

"Mwanangu ulimweka wapi?" aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

Hayo hayakuwamo kwenye maandishi. Kijana akamtazama mwongozaji, aliyempungia mkono aendelee. Akamtazama mpambaji, aliyeinamia brashi zake.

"Nyuma ya kiwanda cha matofali, mama," kijana akasema, machozi yakimtoka. "Nisamehe."

"Kukusamehe, hapana. Lakini umesema." Akarudi kukaa.

Mpambaji alimvuta kijana pembeni. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Hata sijui, dada. Vile alivyoniangalia, ningemjibu nini?"

Jioni nzima mpambaji alitaka kumwambia mama ukweli, akaishia kumwandalia chai. Alikuwa na hasira, ila hakujua amkasirikie nani: kijana, marehemu Kanali, au vidole vyake mwenyewe.

Asubuhi alimkuta mama mlangoni, nguo ameikaza kiunoni, jembe begani.

"Twende, mwanangu, kabla jua halijawa kali."

Mpambaji alijua kuliko mtu yeyote kwamba uso ule ulikuwa nta na rangi. Akarudi ndani kutafuta jembe la pili.